Ukitoa maoni kwa lugha ya alama, uso wako unaenda wapi?

Serikali au taasisi ya umma ikitaka kutunga sheria mpya au kubadilisha sera huwa inaita watu watoe maoni, na utaratibu wenyewe wengi wanaujua, unapakua fomu, unaandika unachofikiria, mwishoni kuna viboksi unachagua jina lako litokee au lisitokee, unatuma, basi. Usipotaka kujulikana wanafuta jina na anwani pale juu na kinachobaki ni maneno tu. Sasa kiziwi anayetumia lugha ya alama yeye hatumi karatasi, anatuma video. Na kwenye video hamna jina la kufuta pale juu, mwenyewe mzima yupo pale, uso, mikono, kimo, ukuta ulio nyuma yake, na huo uso ndo sehemu ya sentensi.

Hili jambo linachukuliwa kirahisi mno. Ofisi ikishatangaza kwamba inapokea maoni kwa lugha ya alama inahesabu kazi imeisha, wanafungua mahali pa kupakia video halafu video inapita njia ileile ya barua pepe, masharti yaleyale, viboksi vilevile. Ila ile ahadi ya "tutachapisha bila jina lako", ambayo kwa aliyeandika inatimizika kwa kufuta mstari mmoja, kwa aliyetumia alama haitimiziki kabisa kama video yenyewe ndo itawekwa mtandaoni. Watu wawili wamejaza fomu moja, wameweka tiki kwenye kiboksi kimoja, mmoja amefichwa na mwingine ameanikwa.

Kuna wanaouliza kwa nini kiziwi asiandike tu. Kwa viziwi wengi lugha inayoandikwa ni lugha ya pili au ya tatu, waliyofundishwa shuleni kwa shida bila kuisikia, wakati lugha ya alama ndo wanayofikiria nayo, ina sarufi yake kamili na haifuati mpangilio wa Kiswahili wala Kiingereza. Kumwambia aandike ni kumwambia atoe maoni nusu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006 umelimaliza hili kwenye ibara ya 21, nchi zinatakiwa kukubali na kurahisisha matumizi ya lugha za alama kwenye shughuli rasmi, na ibara ya 4 inataka watu wenye ulemavu washirikishwe kwa karibu pale sheria zinazowagusa zinapotungwa. Scotland ilipitisha sheria ya lugha ya alama ya Uingereza mwaka 2015, Kenya kwenye katiba ya 2010 ibara ya 120 imeiweka Lugha ya Alama ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. Shirikisho la Viziwi Duniani linasema viziwi ni zaidi ya milioni 70. Kwa hiyo video zitakuja tu, na zinatakiwa zije, na mkataba uleule kwenye ibara ya 22 unasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya faragha sawa na wengine. Ofisi haiwezi kushika ibara moja ikaiacha nyingine.

Tuingie ndani ya video yenyewe maana bila kuiangalia kwa karibu hii ishu haieleweki. Chukua mama mmoja kiziwi anayetoa maoni juu ya rasimu ya sheria ya huduma za afya. Anasimulia kwamba siku ya majibu ya vipimo hakukuwa na mkalimani, daktari akamwambia mtoto wake wa miaka 9 amtafsirie mama yake ugonjwa alionao. Hiyo ndo hoja yake, anataka sheria ipige marufuku mtoto kutumika kama mkalimani hospitalini. Anajirekodi kwa simu, dakika 4 hivi.

Kwenye hizo dakika 4 anafika mahali anasema hakuelewa. Mikono yake inatoa alama ya kuelewa na kichwa kinatikisika kukataa, kwenye lugha nyingi za alama kukanusha kunafanyika hivo, mikono inabaki ileile na kichwa ndo kinageuza maana. Akiuliza swali la ndiyo au hapana nyusi zinapanda, akiuliza nani au kwa nini nyusi zinakunjamana, mashavu na mdomo vinaonyesha kitu ni kikubwa au kidogo, kimefanyika kwa haraka au kwa uzembe. Haya wataalamu wa isimu wanayafanyia kazi kwa miongo mingi sasa, tangu William Stokoe wa Marekani alipoandika mwaka 1960 kwamba alama zina mpangilio wa ndani kama lugha nyingine yoyote. Sasa mtu wa ofisini akisema tutamlinda mama huyu kwa kuweka ukungu usoni, ukungu ukafunika kichwa chote, mtazamaji anabaki na mikono inayosema ameelewa. Hoja yake imegeuzwa kichwa chini miguu juu na aliyefanya hivo alikuwa na nia njema. Pengine hata hajui kafanya nini maana hajui lugha ya alama.

Hata ukipata njia ya kuuficha uso bila kuharibu sarufi bado kuna mwendo wa mikono. Watafiti huko Ufaransa walirekodi watu wakitumia lugha ya alama ya nchi hiyo, wakaondoa sura na mwili wote wakabakiza nukta zinazotembea tu kwenye skrini, na waangaliaji bado waliweza kuwatambua wahusika, baadaye kompyuta nayo ikaonyesha kwamba kila mtu ana namna yake ya kuchezesha mikono inayomtofautisha. Ni kama unavyomjua ndugu yako kwenye simu kabla hajataja jina. Kwa hiyo hata katuni inayofuata mwendo wa mtu kama ulivyo, ambayo siku hizi programu za akili bandia zinatengeneza, isipokelewe kana kwamba imefuta utambulisho. Inamficha kwa mgeni asiyemjua. Kwa watu wa jamii yake inawezekana kabisa haimfichi.

Na jamii ya viziwi ni ndogo, hili watu wa ofisini hawalipimi. Kwenye mji mmoja viziwi wanaotumia alama wanajuana, walisoma shule zilezile chache, wanakutana kwenye vyama vyao, wakalimani ni walewale. Aliyeandika maoni kwa lugha inayosomwa na mamilioni anapotea kwenye umati, ila huyu mama umati wake ni mdogo, na pengine daktari anayelalamikiwa ndo daktari pekee wa kitengo kile.

Kuna na kitu kinachopita bila wasiojua lugha ya alama kukiona kabisa, alama ya jina. Viziwi wanapeana majina ya alama, mara nyingi yanatokana na muonekano au tabia ya mtu, labda kovu, labda namna anavyocheka, na mama yule akimtaja mtoto wake au daktari kwa alama ya jina amemtaja mtu kamili kwa wale wanaomjua. Mtu wa ofisi anayekagua video kutafuta majina hataliona kwa sababu anatafuta herufi. Na mtafsiri akiandika tu "mtoto wangu" kwenye maandishi, maandishi yako salama ila video inaendelea kutaja jina kila mtu anapoibonyeza. Nitalisisitiza hili kwa yeyote anayeshughulika na kazi hii, ukaguzi wa majina kwenye video ya lugha ya alama ufanywe na mtu anayeijua lugha hiyo vizuri, ikiwezekana kiziwi mwenyewe.

Halafu nyuma yake. Kwenye ukuta kuna picha ya familia, kuna cheti chenye jina, mtoto anapita akiwa na sare ya shule, dirishani linaonekana jengo ambalo mtu akitaka atalitafuta. Faili lenyewe linaweza kubeba tarehe, aina ya simu, na kama simu iliruhusiwa kutumia lokesheni, mahali hasa liliporekodiwa. Hivi vinaondoleka kirahisi, faili linasafishwa, mtu anaambiwa mapema akae mbele ya ukuta mtupu, lakini ni lazima aambiwe kabla ya kurekodi, ukishaipokea video huwezi kumwambia arudie maumivu yake mara ya pili kwa sababu ya picha ya ukutani.

Sasa sheria. Je, video kama hii ni taarifa binafsi? Ndiyo, hapo hamna mjadala, chochote kinachomtambulisha mtu ni taarifa binafsi na uso wake unamtambulisha. Ugumu unaanza ukiuliza kama ni taarifa nyeti, zile ambazo sheria inazipa ulinzi wa juu. Wengi wanakimbilia kusema uso ni baiometriki, yaani kipimo cha mwili kinachomtambulisha mtu kama zilivyo alama za vidole, kwa hiyo moja kwa moja ni nyeti. Sio hivo. Chini ya GDPR, ile kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 25, 2018 na ambayo sheria nyingi duniani zimefuata nyayo zake, picha au video haiwi baiometriki kwa kuwepo tu, inakuwa baiometriki pale inapochakatwa kwa njia maalumu za kiufundi ili kumtambua mtu, mfano kuipitisha kwenye programu ya kutambua sura. Video iliyokaa kwenye folda ikiangaliwa na mtafsiri haijafika huko.

Ila unyeti unaingia kwa milango mingine. Yule mama amesema ana ugonjwa, hizo ni taarifa za afya. Anatoa maoni juu ya sheria, na maoni ya kisiasa nayo GDPR inayaweka kwenye kundi hilohilo la ulinzi wa juu. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 na ile ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, zote zinaweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Na kuna jingine watu wanalikosa. Kutumia lugha ya alama peke yake sio ushahidi kwamba mtu ni kiziwi, kuna watoto wanaosikia wa wazazi viziwi, kuna walimu, kuna wakalimani, lakini ofisi ikifungua folda ikaipa jina "maoni ya viziwi" tayari imetengeneza orodha ya watu na hali zao, hata kama haikukusudia. Viziwi wengi wenyewe wanajiona ni jamii yenye lugha yake kuliko wagonjwa wa masikio na mimi naona wana haki kabisa, ila anayetunza hizo faili achukue tahadhari ya juu, azihesabu kama taarifa nyeti, hapotezi kitu.

Baada ya hapo kuna suala la ridhaa, na ndo penye mkanganyiko mkubwa kuliko pote. Ofisi inaweka kiboksi kimoja, "nakubali taarifa zangu zitumike", mtu anatiki, wanafunga. Lakini pale kuna mambo mawili tofauti yamefungwa kwenye fundo moja. La kwanza ni kupokea video, kuitafsiri, kuisoma, kuichambua pamoja na maoni mengine. Hilo kwa taasisi ya umma kawaida halitegemei ridhaa, linategemea jukumu lake la kisheria la kukusanya maoni, na ni sawa maana kwenye GDPR wameeleza wazi kwamba ridhaa ni msingi dhaifu pale mamlaka ya serikali inaposimama mbele ya mwananchi asiye na nguvu sawa nayo. La pili ni kuuweka uso wa mtu hadharani. Hilo jukumu la kukusanya maoni halilibebi. Unaweza kuchambua maoni ya mtu hadi mwisho bila dunia kuona sura yake, kwa hiyo kuichapisha video kunahitaji ombi la pekee, linaloeleweka, na mtu akikataa maoni yake yahesabiwe sawasawa na ya wengine wote.

Na viboksi vyenyewe, mtindo unaotumika sana, Scotland kwa mfano, ni wa chaguo tatu, chapisha na jina langu, chapisha bila jina, usichapishe. Kile cha katikati ndo kinachovunjika kwa lugha ya alama. Kwa hiyo kwa video viboksi inabidi viandikwe upya kabisa. Mtu aulizwe, video yako tuichapishe? Kama hapana, tafsiri ya maandishi tuichapishe, na iwe na jina lako au bila jina? Au tusichapishe chochote tukitumie kwenye uchambuzi tu? Maswali yameongezeka kidogo lakini sasa kila jibu linatekelezeka.

Wengine wanaona jibu rahisi ni kuchapisha maandishi tu kwa wote na video zisitoke kabisa. Siungi mkono. Kwanza inafuta lugha ya alama kwenye kumbukumbu za umma, miaka 20 baadaye mtu akifungua maoni ya sheria ile ataona maandishi matupu atadhani viziwi hawakuwepo. Pili kuna viziwi wanaotaka waonekane, hoja yao inabebwa na uso wao na wameamua kwa akili zao timamu, nani anawaamulia kujificha? Kuna njia ya kati ambayo watafiti wanaokusanya kumbukumbu za lugha za alama wameshaitumia, mtu mwingine anayeijua lugha vizuri, ikiwezekana kiziwi, anaangalia video ya asili na kuirudia yeye mwenyewe mbele ya kamera, hoja inabaki kwenye lugha yake na sura inakuwa ya mwingine aliyekubali kuonekana. Inagharimu muda na pesa, na anayerudia lazima aonyeshe wazi kwamba anawasilisha maneno ya mtu mwingine, asije akaanza kusimamishwa njiani kuulizwa habari za ugonjwa wake. Alama za majina na mambo yanayotambulisha yanaondolewa palepale kwenye kurudia. Kwa maoni machache mazito kama ya yule mama, nadhani inastahili.

Tafsiri nayo ina mambo yake. Video ikifika inabidi igeuzwe maandishi ili wachambuzi waisome, kwa hiyo kuna mkalimani au mtafsiri anayeingia katikati, na huyo naye sasa ameshika taarifa binafsi, awe na mkataba unaosema atafanya nini na nakala aliyonayo na ataifuta lini. Kiapo cha usiri wakalimani wengi wanacho kwenye maadili ya kazi yao, ila kiapo hakisemi lolote kuhusu faili lililobaki kwenye laptopu ya nyumbani. Tena kwa udogo wa ile jamii inawezekana kabisa mtafsiri ni ndugu wa daktari anayelalamikiwa au ndo aliyetakiwa kuwepo hospitali siku ile hakutokea. Mtoa maoni aambiwe video yake itatafsiriwa na nani, au angalau apewe nafasi ya kusema fulani asiione. Hili kwa maoni ya maandishi halipo kabisa, hakuna mtu wa tatu anayesimama kati ya mwandishi na msomaji.

Tafsiri ikishakamilika irudi kwa mwenyewe aithibitishe, irudishwe kwa alama kama kusoma ni shida. Sheria za data zina haki ya mtu kusahihisha taarifa zake zilizokosewa na tafsiri mbovu ya maneno yako ni taarifa yako iliyokosewa, ofisi nyingi hazijawahi kuliangalia kwa jicho hilo. Mtafsiri pia ajizuie kuongeza vitu ambavyo mtu hakusema, akiandika kwenye mabano kwamba mhusika analia au ni mzee wa makamo, ametoa kwenye video taarifa ambazo mwenyewe hakuzitoa kama hoja. Na maandishi yenyewe yakaguliwe, sio kwa sababu uso umeondoka basi mtu amefichika, sentensi kama "mimi ni muuguzi kiziwi pekee kwenye hospitali hii" inamtaja kuliko picha.

Wale wengine waliotajwa humo ndani, mtoto na daktari, nao wana haki zao. Mtoto hakuulizwa. Daktari hakuulizwa na amelaumiwa hadharani bila kujibu. Kwenye maandishi unafunika jina unaendelea, kwenye video kukata sekunde 3 katikati ya sentensi kunaacha mruko na wakati mwingine kunabadilisha maana, maana lugha ya alama inatumia nafasi hewani, ukishamuweka mtu upande wa kulia kwa alama ya jina lake baadaye unamnyooshea pale tu bila kumtaja tena. Ukikata ile sekunde ya mwanzo kunyoosha kote kunakofuata hakueleweki ni nani. Ndo maana sioni njia ya kuhariri video hizi bila mtu wa lugha, na pale kukata kunapoharibu ni bora kuchapisha maandishi.

Kwenye mikutano ni ngumu zaidi. Viziwi 15 wamekaa duara, kamera moja inarekodi, mmoja baadaye anasema nimebadilisha mawazo nitoeni. Mkutano wa sauti unamkata mtu pale alipoongea na kwisha, hapa yeye anaonekana kwenye fremu nzima hata wakati wengine wanachangia, anaitikia kwa kichwa, anajibu pembeni kwa alama ndogo kwa jirani yake na kamera imeyashika mazungumzo ambayo hayakuwa ya mkutano. Kama lazima kurekodi, kamera imwelekee anayechangia peke yake, na mazungumzo ya pembeni yasirekodiwe. Au isirekodiwe kabisa, mkalimani atafsiri papo kwa papo na mtu aandike.

Njia ambayo video inasafiria ndo sehemu ambayo uvujaji mwingi unaweza kutokea na inazungumzwa kidogo sana. Video ni nzito, barua pepe inaikataa, kwa hiyo mtumishi anasema "nitumie WhatsApp", namba yenyewe ni yake binafsi. Hebu fuatilia nakala moja, ipo kwenye simu ya mama, ipo kwenye simu ya mtumishi, kama simu yake inahifadhi picha zenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni basi ipo na huko, ameituma kwa mtafsiri ipo kwa mtafsiri, ameiweka kwenye kompyuta ya ofisi, ofisi inafanya bakapu kila usiku. Mama akisema nifutieni, nani anajua nakala ziko ngapi? Wengine wanaambiwa wapakie YouTube wafiche kwa linki isiyoorodheshwa, sasa linki ya namna hiyo yeyote aliyenayo anafungua, haina nywila, ikisambazwa imesambaa, na video imekaa kwenye seva za kampuni ambayo mtoa maoni hana mkataba wowote nayo kuhusu maoni yake. Ofisi iwe na mahali pake pamoja pa kupakia, penye ulinzi, wanaoweza kufungua wajulikane kwa majina, na faili lisishushwe kwenye simu ya mtu. Hayo hayahitaji teknolojia ya ajabu, yanahitaji mtu aamue kabla zoezi halijaanza. Kenya na Ulaya sheria zinataka tathmini ya athari kwa uchakataji wenye hatari kubwa kwa watu, na kwa maoni yangu video za maoni ya viziwi zifanyiwe hiyo tathmini kila mara.

Kuhusu muda wa kutunza kuna mvutano wa kweli. Ukifuta video mara baada ya kutafsiri umemlinda mtu, ila umefuta ushahidi wa asili, ikitokea ubishi kwamba tafsiri ilikosea hamna pa kurudi. Mimi naona ibaki hadi mwenyewe athibitishe tafsiri na ripoti ya maoni itoke, kisha ifutwe kwa tarehe iliyotajwa tangu mwanzo, isipokuwa ile aliyeruhusu ichapishwe. Na asidanganywe kwamba "usichapishe" maana yake hakuna atakayeiona milele, nchi zenye sheria ya haki ya kupata taarifa mtu anaweza kuomba nyaraka za serikali, na ofisi itabidi ipime nini kitolewe. Aambiwe ukweli huo kabla.

Kuna jambo la karibuni linaloongeza uzito. Kompyuta zinafundishwa lugha za alama kwa video za watu halisi. Mwaka 2023 watafiti wa Google walitoa mkusanyiko unaoitwa YouTube-ASL, karibu saa 1,000 za video za lugha ya alama ya Marekani zenye watu zaidi ya 2,500, zote zilikuwa zimewekwa YouTube hadharani. Lugha nyingine nyingi za alama hazina video za kutosha kwa kazi hiyo, kwa hiyo video 200 za maoni zenye tafsiri safi pembeni yake ni kitu ambacho wengi watakitamani. Mtu aliyetoa maoni kuhusu hospitali hakujitolea kufundisha mashine. Kanuni ya ulinzi wa data ni kwamba taarifa iliyokusanywa kwa lengo moja isitumike kwa lengo jingine lisiloendana nalo, na ofisi inayochapisha iseme hivo waziwazi, na kama inataka kuzitoa kwa utafiti iombe upya, mtu mmoja mmoja.

Haya yote mtoa maoni atayajuaje? Ile taarifa ya faragha ndefu iliyoandikwa kwa lugha ya wanasheria, hata wanaosikia hawaisomi, sasa inamfikia mtu ambaye amechagua lugha ya alama kwa sababu maandishi hayamkai vizuri. Akitiki pale hajaridhia chochote, ametiki. Taarifa ya faragha iwe video kwa lugha ya alama, fupi, ionekane kabla ya kitufe cha kurekodi, imwambie nani ataona, nani atatafsiri, nini kitachapishwa, lini kitafutwa, na vitu vya kuzingatia kabla hajaanza, ukuta mtupu, usimtaje mtu kwa alama ya jina kama hoja haihitaji, watoto wasipite nyuma.

Na kujitoa kuwe kwa njia ileile. GDPR inasema kuondoa ridhaa kuwe rahisi kama kuitoa, sasa mara ngapi unakuta mtu amepakia video kwa kubonyeza mara moja, halafu akitaka itolewe anaambiwa apige simu saa za kazi. Kiziwi apige simu! Kuwe na mahali pa kutuma klipu fupi ya alama inayosema "toeni video yangu", mtu anayeijua lugha aipokee, aijibu kwa alama kwamba imetoka na nakala zipi zimefutwa, na kama kuna ambazo ziko nje ya uwezo wao kwa sababu watu walishazipakua, amwambie hivo pia.